Nungunungu Asiyepokea Simu

"Mwanamume asiyepokea simu ana mke," alisema Shangazi, huku akikaza mtandio kichwani kama anayekwenda vitani. "Na asiyepokea simu miaka miwili mizima, huyo ana wake wawili, na mmoja wao ndiye anayeishika hiyo simu."

"Shangazi, uliahidi."

"Niliahidi kukaa kimya tukifika. Kwani tumefika?"

Lango la hospitali lilikuwa mbele yao, na mlinzi alikwishaanza kuwatazama. Mkasi alivuta pumzi. Asubuhi hiyo alibadilisha gauni mara tatu, na kila mara alijiambia kwamba anakwenda kuona uso tu, basi. Uso wa mtu anayemjua kuliko anavyowajua watu wengi aliokula nao meza moja.

Jina la Mkasi alilipata kazini. Alikuwa mhariri katika kampuni inayochapisha miongozo ya mafundi: namna ya kufunga pampu ya maji, namna ya kutunza cherehani, namna ya kusafisha friji bila kupigwa shoti. Waandishi wake walikuwa wahandisi, watu wenye akili nyingi na nukta chache, naye alizikata sentensi zao bila huruma mpaka mtu yeyote mwenye bisibisi mkononi aelewe. Akimaliza kazi hiyo, aliifanya tena ileile, safari hii bila malipo. Kulikuwa na kundi la watu, kila mmoja mahali pake, waliotengeneza programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hospitali yoyote au zahanati yoyote ingeweza kuichukua, kuitumia na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa. Wenzake waliandika programu yenyewe. Mkasi alihariri mwongozo wake.

Na sura ngumu kuliko zote katika mwongozo huo, zile za kutunza seva, kompyuta mama inayohifadhi kila kitu, na kuifufua ikizimika, ziliandikwa na mtu aliyejiita Nungunungu.

Jina lilimkaa. Ukimgusa, unachomwa. Mkasi akikata neno, yeye analirudisha. Siku moja aliandika: "Thibitisha kwamba nakala imekamilika. Thibitisha tena. Ndipo ufute diski ya zamani." Mkasi akaifuta sentensi ya katikati, akaandika pembeni: "Msomaji si mtoto. Ukimwambia mara moja ameelewa." Sentensi ikarudi, na chini yake jibu: "Ameelewa, ndiyo. Lakini amefanya?" Wakavutana wiki nzima kwa sentensi ya maneno mawili. Mwishowe Mkasi akasalimu amri. "Haya, ibaki. Lakini ujue nimenuna." Jibu likaja: "Najua. Nimeziona koma zako za leo, zote zimenuna."

Alicheka peke yake ofisini mpaka mwenzake akamuuliza kama ni mzima.

Kuanzia hapo hakufungua kompyuta bila kutafuta kwanza kama Nungunungu ameandika. Wakatoka kwenye diski, wakaingia kwenye vitabu, kwenye mvua, kwenye jirani wa Nungunungu aliyekuwa anajifunza tarumbeta na hajifunzi. Mkasi alijua anafanya kazi hospitali hii, ndiye msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Alijua hanywi chai yenye sukari. Alijua jinsi anavyokasirika na jinsi anavyoomba radhi. Sauti yake ndiyo hakuijua. Alipopiga simu, iliita mpaka ikakatika, na papo hapo ujumbe ukaingia: "Niandikie." Alipopiga tena, "Niandikie, tafadhali."

Mbona? Udadisi ni kama upele, ukiukuna ndio kwanza unawasha. Mkasi alijikuna miaka miwili. Kisha baba yake akamwita sebuleni, akamwambia kwamba kuna mkandarasi mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, angependa kuja nyumbani Jumapili kujitambulisha. "Ana sauti yule!" alisema Mzee kwa furaha. "Akisalimia, dirisha linaitikia." Usiku ule Mkasi akamwandikia Nungunungu: "Nataka kukuona. Usiponipa siku, nitakuja mwenyewe nikuulizie getini." Kimya kilikuwa kirefu, mpaka akadhani ameharibu kila kitu. Halafu: "Njoo Jumanne asubuhi, mkahawa wa hospitali. Nikikukatisha tamaa, usiniambie. Niandikie."

Sasa ilikuwa Jumanne, na mkahawa ulikuwa na meza saba za plastiki na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Wakakaa karibu na dirisha.

"Atakuwa mzee," alinong'ona Shangazi. "Mwenye kitambi na ndevu."

"Huenda."

"Au atakuwa mwanamke! Umewahi kufikiria hilo?"

Mkasi alikuwa amefikiria hilo, na ndevu, na kitambi, na mengine mengi. Lakini hakuwa amemfikiria mtu aliyeingia wakati huo, mrefu, mwembamba, amevaa sweta zito asubuhi ya jua kali, na funguo zinamning'inia kiunoni kama mlinzi wa ghala. Akasimama mlangoni, akazungusha macho meza kwa meza. Yalipofika kwa Mkasi, yakatua. Yalikuwa macho makubwa, ya upole, yenye wasiwasi wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Akaja. Akafungua mdomo. Halikutoka neno.

Mkasi akatabasamu, akingoja. Mdomo wa yule mtu ulikuwa wazi, mshipa wa shingo umesimama, na macho ameyafumba kidogo kama anayesukuma mlango uliokwama.

"Ni bubu?" Shangazi aliuliza, kwa mnong'ono uliosikika hadi jikoni.

"Ka... ka... ka..."

"Karibuni!" Mkasi akamalizia haraka, uso umemwaka. "Asante, tumekwishakaribia. Kaa, kaa tafadhali."

Akakaa. Kumbe ndicho hicho. Hakuna mke wala wake wawili. Mkasi alihisi kitu kinamdondoka kifuani, asijue kama ni mzigo au ni moyo wenyewe.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema. "Amenisindikiza."

"Shi... shi..."

"Shikamoo," alimalizia Mkasi.

"Marahaba," alisema Shangazi, akiwatazama kwa zamu kama anayetazama mpira wa meza.

"Ni-ni-nilitaka ku... ku..."

"Kuniambia mapema? Hakuna neno, mimi naelewa kabisa, wala usi..."

Alitikisa kichwa. Akajaribu tena. "Ku-ku..."

"Kuagiza chai?"

Nungunungu akafunga mdomo. Akatoa simu mfukoni, akaandika kitu kwa kidole gumba, akaiweka mezani. Simu ya Mkasi ikatetemeka mkobani mwake. Akaitoa, akasoma.

"Bi Mkasi, unanihariri kabla sijaandika."

Alipoinua macho, yule mtu alikuwa anamtazama bila hasira, na pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imepanda kidogo. Ndiye! Ndiye yeye hasa, mwenye miiba yake yote. Mkasi akaona aibu mpaka masikio yakamchemka, kisha kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, na Nungunungu naye akacheka. Kicheko chake hakikukwama popote.

"Imeandikwa nini?" Shangazi alidai. "Nisomeeni na mimi."

"Ameniambia nifunge mdomo, Shangazi."

"Ana adabu kweli huyu?"

"Anayo. Haya, endelea. Ulitaka nini?"

Safari hii akangoja. Haikuwa rahisi. Mtu ambaye kazi yake ni kuokoa sentensi za watu, kuitazama sentensi inazama mbele yake bila kuirushia kamba! Akaushika ukingo wa kiti.

"Ni-nilitaka kusema," alisema Nungunungu polepole, "gauni lako ni la ra-rangi ya kijani. Miaka yote nilikuwa nakuwaza kwenye nye-nyekundu."

Kama angemkatisha, asingelipata hilo. Mkasi akaangalia chini, akajikuta anakunja kona ya kitambaa cha meza.

Shangazi alikohoa. "Nimesikia una kazi mbili, mwanangu. Moja ya mshahara na moja ya bure."

"Ndiyo, Shangazi."

"Hiyo ya bure, unaifanya ili iweje? Maana mtu akinifulia nguo bure mara ya kwanza namshukuru. Mara ya pili nahesabu nguo."

Nungunungu alitabasamu, akavuta pumzi ya kujibu, lakini mlango wa mkahawa ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa muuguzi, kofia imemkaa upande.

"Fundi! Kompyuta zote zimekufa. Mapokezi, maabara, duka la dawa, kote! Na foleni imefika barabarani."

Nungunungu alikuwa amesimama kabla muuguzi hajamaliza. Akamtazama Mkasi, akatazama mlango, akafungua mdomo.

"Nenda," alisema Mkasi, kisha akasahihisha. "Samahani. Ulitaka kusema nini?"

"Nji-njooni."

Wakamfuata, Mkasi mbio, Shangazi nyuma akilalamikia viatu. Wakapita ukumbi wa mapokezi, watu wamejaa kwenye mabenchi, mama mmoja anambembeleza mtoto anayelia, karani anainua mikono kumwonyesha mzee mmoja kwamba hana la kufanya. Mwisho wa ujia, Nungunungu alifungua mlango wa chuma. Baridi ikawapiga usoni. Sasa Mkasi akalielewa sweta.

Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye kabati refu la mitambo, nyaya za rangi zimefungwa vizuri kama nywele zilizosukwa, na mvumo usiokwisha. Kwenye kabati kulikuwa na seva mbili. Mojawapo ilikuwa inawaka taa ndogo nyekundu.

Hapo Mkasi aliona jambo lililomshangaza. Mikono ya Nungunungu haikuwa na kigugumizi. Ilikwenda kwenye kibodi, kwenye waya, kwenye swichi, kwa utulivu wa mtu anayepapasa nyumbani kwake gizani. Akasoma maandishi kwenye skrini, akaguna.

"Diski i-inakufa, lakini bado inasomeka. Nitahamishia kila kitu kwenye seva hii ya pili, kwenye diski ya a-akiba." Akageuka, akachukua kishikwambi juu ya boksi, akampa Mkasi. "Sura ya tisa. Ni-nisomee."

"Lakini uliiandika mwenyewe! Si unaijua kwa moyo?"

"Moyo ukiwa na haraka hu-huruka hatua."

Basi Mkasi akasoma. Miaka miwili alikuwa ameyapima maneno haya kwa jicho, hajawahi kuyasikia yakifanya kazi. "Zima huduma zote zinazosoma diski." Vidole vikaenda. "Tayari," alisema Nungunungu. "Unganisha diski ya akiba." "Tayari." "Anza kunakili." "Tayari." Lile neno moja lilimtoka safi kila mara. Mstari ukaanza kutembea kwenye skrini, polepole kama konokono.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya boksi, amejikunyata ndani ya mtandio. "Hujanijibu," alisema.

Mkasi alitaka kumkemea, lakini Nungunungu, macho kwenye skrini, alijibu. Alijibu kwa muda mrefu, akikwama na kuanza tena, na kwa mara ya kwanza wanawake wote wawili walimwacha aende mwendo wake.

"Kuna za-zahanati hazina fundi, Shangazi. Mashine ikifa, kuna mu-muuguzi tu, na wagonjwa wanamtazama. Hana pa ku-kupiga simu. Na angepiga kwangu, mi-mimi na simu..." Akacheka kidogo. "Lakini akifungua ule mwongozo, niko naye. Na-naongea naye bila kukwama. Pale ndipo mahali pekee na-naongea na watu wengi."

Shangazi aliutazama ule mstari kwenye skrini.

Mstari ukafika mwisho. Kengele ndogo ikalia.

"Thibitisha kwamba nakala imekamilika," alisoma Mkasi.

Nungunungu akaandika amri fupi. Skrini ikajibu kwa rangi ya kijani. "Tayari."

Mkasi akashusha kidole mstari mmoja. Sentensi iliyofuata ilikuwa ile yao. "Thibitisha tena."

"Si amesema tayari?" Shangazi aliuliza. "Watu wanangoja huko nje."

Kutoka ujiani sauti ya muuguzi iliita, "Fundi, bado?" Nungunungu hakugeuka. Akaandika ile amri mara ya pili, safari hii akiitaka ihesabu faili moja baada ya jingine. Wakangoja. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama. Mstari mmoja ukatokea kwa rangi nyekundu.

"Nini hicho?" Mkasi alinong'ona.

"Ma-maabara. Majibu ya vipimo vya leo. Haya-hayajaja."

Kama angefuta diski ya zamani sekunde ile, yule mama wa mapokezi na mtoto wake, na wengine wote waliotolewa damu tangu alfajiri, wangeanza upya. Akanakili tena sehemu hiyo kutoka diski ya zamani. Akathibitisha. Akathibitisha tena. Kijani, na kijani. Ndipo akafuta.

Kutoka mapokezi kikaja kishindo cha sauti, watu wakishangilia kama timu yao imefunga bao. Muuguzi akachungulia mlangoni. "Zimeamka!" Akaondoka mbio.

Mkasi alikuwa bado ameshika kishikwambi kwa mikono miwili. "Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima nilipigana nawe niifute sentensi ile. Nikasema msomaji si mtoto. Ulijuaje?"

Nungunungu alijipangusa mikono kwenye sweta. Akafikiri. "Si-sikujua. Mimi hu-husema kila kitu mara mbili. Ni-nilidhani na wengine wanahitaji."

Wote wawili wakamtazama kujua kama wanaruhusiwa kucheka. Alipotabasamu yeye, Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika ubavu, na Mkasi akacheka na machozi yakamlengalenga, asijue yametoka wapi. Alitaka kujua mengi. Nani alimcheka shuleni? Nani alimnyamazisha? Je, akiwa peke yake huimba? Aliyaona maswali yamepanga foleni ndefu kuliko ile ya mapokezi, na kwa miaka miwili alikuwa amedhani lilikuwa moja tu.

Walipotokea ujiani, joto likawapokea kama blanketi. Wakasimama karibu na ukuta kuwapisha watu.

"Sasa tuseme ukweli," alisema Shangazi, akifuta macho. "Wewe ni mtu mzuri. Nimeona kwa macho yangu. Lakini Jumapili nyumbani kuna mgeni. Mkandarasi. Kaka yangu amekwishampa neno la kumkaribisha."

"Shangazi!"

"Bora ajue kwangu kuliko kwa jirani."

Uso wa Nungunungu ukabadilika. Akamtazama Mkasi, na katika macho yale Mkasi akaliona swali bila kulisikia. Akatikisa kichwa taratibu. Hapana, si mimi niliyemwita.

Nungunungu akafungua mdomo. Neno likakwama. Likakwama vibaya kuliko yote ya asubuhi ile. Kidevu kikatetemeka, mkono ukakunja ngumi. Wapita njia wawili wakageuka kutazama. Shangazi, kwa huruma, akavuta pumzi amsaidie, na Mkasi akamkamata kifundo cha mkono, akakibana.

"Mwache," alisema. "Neno ni lake."

Wakangoja.

"N-n-nitakuja. Jumapili. Ka-kabla yake."

"Basi tafuta mtu," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Una kaka, una mjomba? Aje akusemee. Si aibu."

"Nita-nitasema mwenyewe."

"Mwanangu, humjui kaka yangu. Hana subira hata ya kungoja maji yachemke. Neno la tatu tu, atachukua gazeti aanze kusoma mbele yako."

Nungunungu akalifikiria hilo kwa makini, kama alivyolifikiria kila jambo. "A-asome," alisema. "Nitamngoja amalize gazeti. Halafu ni-nitaendelea."

Mkasi akamtazama. Alikuwa na jibu, na swali, na jibu jingine, vyote mdomoni kwa pamoja, na yeye asiye na kigugumizi hakuweza kutoa hata kimoja. Alinyoosha mkono tu. Nungunungu akaupokea. Vidole vyake vilikuwa baridi bado kutokana na kile chumba, na Mkasi akavifunika kwa mkono wa pili, hapo hapo ujiani, mbele ya muuguzi, mbele ya foleni, mbele ya dada wa baba yake.

Shangazi aligeuza uso upande mwingine, akapekua mkoba wake, akatoa simu.

"Halo, Kaka? Eeh, tumemwona. Hapana, hana kitambi. Nitakueleza. Sikiliza kwanza: Jumapili nunua gazeti nene."